Nataka kubandika stika za Kirikuu mwenyewe kwa maji ya sabuni, wataalamu naomba mwongozo

mayai_tabata

Wakuu habari za jioni.

Nina Kirikuu, Suzuki Carry nyeupe, nasambazia mayai ya jumla Tabata, Segerea, Kinyerezi mpaka Buguruni. Nyuma nimefungiwa boksi la bati lililopigwa ripiti (vile vishikizo vya chuma vya kuungia bati) na kupakwa rangi nyeupe. Juzi nimekatiwa stika Kariakoo, herufi nyekundu za kukatwa kwa mashine, sio picha ya kuprinti. Jina la biashara ni mita 1.6 kwa kila ubavu wa boksi, kimo cha herufi sentimita 20. Milango ya mbele ina kuku, chini yake namba ya simu yenye tarakimu za kama sentimita 5, halafu mstari wa maneno "jumla na rejareja" ambao herufi zake hazifiki hata sentimita 2. Zote zina karatasi ya nyuma, na juu zimefunikwa tepu ya karatasi.

Kwa nini nataka kufanya mwenyewe. Mwaka jana nilimlipa mtu anibandikie. Kazi aliifanya pembeni ya barabara saa saba mchana, jua la Februari, bati huwezi hata kuegemeza kiwiko. Alibandika kavu kavu. Herufi ya kwanza ikakaa upande, akaibandua kwa nguvu ikavutika, akairudishia vilevile imerefuka. Masika ilipopita kingo zikaanza kujikunja, vumbi likaingia chini, kila herufi ikawa na mpaka mweusi. Mwishoni tarakimu mbili za namba ya simu ziling'oka kabisa. Kwangu hilo ni pigo, maana wenye maduka wengi wananipata kwa kusoma ile namba nikiwa kwenye foleni.

Sasa aliyenikatia stika safari hii ameniambia nitumie maji yenye sabuni kidogo, stika inateleza, unaiweka sawa taratibu bila presha. Mteja mwingine pale dukani akadakia kwamba maji yanaua gundi, nisithubutu. Nimebaki njia panda.

Naomba kujua: maji yanafaa au hayafai? Sabuni gani na kiasi gani? Nifanyeje kwenye ripiti? Na baada ya kubandika nikae muda gani kabla ya kuingia barabarani? Stika ninazo ndani zimelazwa kitandani kwenye chumba cha wageni, sitaki kuzigusa mpaka nipate maelezo ya mtu anayeifanya kazi hii.

—

wrap_goba

Mkuu piga kavu. Mimi nafunika magari mazima, Noah, Harrier, pikapu, na hatugusi maji. Stika za siku hizi zina njia za hewa kwenye gundi, ukisugua hewa inajitokea yenyewe. Ukiweka maji umeharibu. Cha msingi tafuta kivuli na usiwe na haraka. Maji ni mambo ya zamani.

—

stika_ilala

Kaka wa mayai, pole kwa hasara ya ile ya kwanza. Mimi ni mwanamke wa stika, niko Ilala, nilianza na brashi na kopo la rangi kwenye milango ya malori kabla plota, zile mashine za kukata stika, hazijaenea mjini. Njia zote mbili nazitumia mpaka leo, kila moja na mahali pake.

Mdogo wangu wa Goba hajakosea, ila anazungumzia mali tofauti na ya kwako. Stika za kufunika gari zima nyingi zimetengenezewa vijinjia vidogo sana kwenye gundi. Hewa inapita humo. Ukizilowesha, maji yanajikusanya kwenye hivyo vijinjia na hayatoki, gundi inakosa pa kushika. Hizo ni kavu tu, na watengenezaji wake wanasema hivyohivyo. Stika za kukata herufi za kawaida, hasa za rangi moja kama nyekundu yako, kwa kawaida zina gundi laini isiyo na njia yoyote. Usiniamini mimi wala yeye. Chukua kipande kilichobaki pembezoni, bandua karatasi, kiinamishe kwenye mwanga uitazame gundi. Ukiona vimraba vidogo vidogo au mistari iliyokatizana, bandika kavu. Ukiona uso laini unaong'aa mtupu, maji ruksa.

Kuna kitu kimoja nataka ukishike kabla hujanunua hata sabuni. Maji hayabandiki stika. Gundi hii inashika kwa kukandamizwa, yaani mpaka iguse rangi yenyewe na isukumwe. Maji unayaweka ili kuichelewesha, upate nafasi ya kusogeza kushoto kulia mpaka jina likae kwenye mstari. Ukisharidhika, maji yote yaliyoingia lazima yatoke. Wanaojua kunyunyiza ni wengi, wanaojua kuyatoa ni wachache, na ndiyo sababu njia hii ina sifa mbaya mjini. Yule aliyesema maji yanaua gundi aliona stika ambayo maji yake hayakutolewa, au iliyowekwa sabuni kama ya kufulia mashuka.

Sabuni: shampuu ya watoto, au sabuni ya kuoshea vyombo isiyo na mafuta ya kulainisha mikono. Lita moja ya maji, nusu kijiko cha chai, basi. Tikisa, jipulizie kidoleni, sugua. Inatakiwa iteleze bila kutoa povu la kujaa kiganja. Ikitoa povu, mwaga nusu uongeze maji. Ile sabuni ya maji inayouzwa kwenye madumu mtaani iache, huwa inaongezewa chumvi ili iwe nzito na manukato ili inukie, na vyote hivyo vinabaki chini ya stika yako maji yakishakauka. Kwa sababu hiyohiyo usitumie maji ya kisima kama kwenu kisima kina chumvi. Nunua maji ya kunywa ya lita moja na nusu, yanatosha kazi yako yote na yatabaki. Chupa ya kupulizia ni ileile ya saluni.

Usafi ndio unaokula muda wangu mwingi kuliko kubandika, na nawasihi vijana ninaofanya nao kazi wasiuharakishe. Osha gari zima siku moja kabla, likauke usiku kucha, maana maji yanajificha kwenye maungio ya mabati na chini ya mipira ya madirisha, kisha yanatiririka unapobandika. Uliza pia muoshaji wako huwa anapaka nini. Wengi wanasafishia grisi kwa dizeli au mafuta ya taa, wengine wanapuliza kile cha kung'arisha tairi na kinaruka mpaka kwenye bodi. Kina silikoni, na juu ya silikoni gundi haishiki kitu. Kwa hiyo asubuhi ya kazi, pitisha kitambaa safi chenye spiriti, na kitambaa cha pili kikavu kifuate nyuma yake kabla spiriti haijapaa. Spiriti ikikauka yenyewe, uchafu unabaki palepale ulipokuwa, umeusambaza tu. Angalia chupa ya spiriti kabla ya kununua: baadhi ya spiriti za famasi za kupaka ngozi zina mafuta ya nyonyo ndani yake. Tafuta spiriti ya isopropili iliyo safi. Thina usiiguse, inalainisha rangi.

Muda na mahali. Hapa Dar ndipo penye kesi. Stika nyingi zinataka kubandikwa kwenye bati lenye joto la nyuzi 10 hadi 30 na kidogo, na bati lililokaa juani mchana hapa kwetu linapita huko mbali sana. Bati likiwa moto gundi inakuwa kali, inakamata kabla hujasogeza, stika yenyewe inalainika na kuvutika. Ndicho kilichotokea kwa yule wa saa saba mchana. Na maji nayo hayakuokoi hapo, yanakauka mkononi. Anza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mpaka saa tatu uwe umemaliza ubavu mmoja. Weka mgongo wa kiganja kwenye bati, ukihisi ubaridi endelea. Chini ya paa ni bora kuliko chini ya mti, mwembe una utomvu na unadondosha vumbi kila upepo ukipita.

Kupanga. Usipime kutoka ardhini, uwanja wako huenda umeinama na hujui. Pima kutoka kwenye ukingo wa chini wa boksi, sehemu tatu, weka alama kwa vipande vya maskintepu. Bandika stika ikiwa bado na karatasi yake kwa vipande vingine vya maskintepu, rudi nyuma hatua kumi, iangalie. Muite mtu mwingine aiangalie pia. Jina la mita 1.6 mtu mmoja hawezi kulishika peke yake, tafuta msaidizi mwenye mikono safi, asiwe ametoka kujipaka losheni.

Kubandua karatasi ndipo wengi wanapokosea mwelekeo. Laza stika mezani uso wake ukiwa chini, karatasi ya nyuma iwe juu. Vuta karatasi kutoka kwenye stika, usivute stika kutoka kwenye karatasi. Ikunje karatasi ilale kabisa, irudi sambamba na meza, polepole. Herufi ikitaka kubaki na karatasi, rudisha, isugue kwa nyuma na skwiji (kile kibao cha plastiki cha kukandamizia stika), jaribu tena. Msaidizi awe anapuliza maji kwenye gundi kila inapojitokeza, isije ikajikunja ikanata yenyewe kwa yenyewe. Gundi iliyolowa pia haikamati vumbi kirahisi.

Puliza na bodi, ilowe kweli, maji yatiririke. Weka stika, isogeze mpaka kwenye alama. Chukua skwiji, iwe na kitambaa laini ukingoni, na uanzie katikati ya jina kwenda nje. Mpigo wa kwanza mwepesi wa kuishikilia tu. Mpigo wa pili unakandamiza, kila mstari unapanda nusu ya ule uliopita, katikati kwenda juu, katikati kwenda chini, kisha kuelekea mwisho wa jina. Utaona maji yanachuruzika pembeni. Yafute hapohapo kwa taulo, usiyaache kwenye ukingo wa herufi kwa sababu ukiinua skwiji yanarudi ndani. Rudia mpaka skwiji ikipita hakitoki kitu.

Halafu subiri. Hewa ya Dar ina unyevu mwingi, maji hayakauki haraka kama Dodoma. Nusu saa, hata dakika arobaini kama kuna mawingu. Tepu yako ni ya karatasi, kwa hiyo ilowanishe kwa juu, iache kama dakika moja inywe maji, gundi yake inalegea. Ivute kutoka kona moja ikiwa imejikunjia yenyewe na kulala karibu na bati, isisimame wima. Macho yawe kwenye kona za herufi. Kona ikiinuka na tepu, usiendelee, ilaze, ikandamize, subiri tena dakika kumi. Kwenye herufi zenye ncha kama A na M kaa macho zaidi, ncha ndiyo ya mwisho kushika.

Tepu ikishatoka, pitia kila herufi na skwiji iliyofungwa kitambaa laini kikavu. Hapa ndipo maji ya mwisho yanapotoka, na watu wengi huwa wameshaanza kufungasha vifaa. Tafadhali usifungashe. Zungusha kidole kwenye kila ukingo wa kila herufi.

Yale maneno madogo yasiyofika sentimita 2 yapige kavu. Herufi ndogo ina gundi kidogo, maji yanaielea, inaondoka na tepu. Ikate ile sehemu kwa mkasi, itenge na namba ya simu, ibandike peke yake.

—

mayai_tabata

Dada, Mungu akubariki. Nimekwenda kuangalia kipande kilichobaki, gundi ni laini haina mistari yoyote.

Nimebaki na mambo mawili. Boksi lina mabonde yale ya kulipa nguvu bati, mawili kwa urefu, na ripiti zimepangwa wima kila baada ya futi mbili hivi. Jina haliwezi kukwepa ripiti. La pili, mlango wa kushoto ulipigwa rangi upya wiki iliyopita baada ya kukwaruzwa na bodaboda pale Tabata Relini. Fundi alipuliza nje ya gereji, ikakauka na jua. Nibandike tu?

—

stika_ilala

Kaka, mlango wa kushoto usibandike. Nashukuru umeuliza mapema.

Rangi iliyopulizwa na kuachwa ikauke kwa hewa inaonekana kavu juu siku hiyohiyo, ila chini bado inatoa mvuke wa thina kwa wiki kadhaa. Ukiifunika na stika, mvuke hauna pa kutokea, unainua malengelenge madogo madogo yasiyoisha hata uyatoboe vipi, kesho yamerudi. Watu wanailaumu stika au maji kumbe ni rangi. Upe mwezi mzima. Baada ya hapo fanya jaribio: kata kipande cha stika cha ukubwa wa kiganja, kibandike kavu kwenye kona ya chini ya mlango, kiache siku nzima gari likishinda juani. Ukikuta kimevimba, subiri tena. Ukikuta kimetulia, kibandue uone kama kimeondoka na rangi. Kikiondoka na rangi, tatizo ni la yule aliyepaka, rudi kwake kabla hujaweka kuku wako hapo. Fanya jaribio hilohilo kwenye boksi, maana bati jipya lililopakwa zinki lisiposafishwa mafuta yake na kupewa praima, ile rangi ya chini ya kushikia, rangi inabanduka kama ganda la yai.

Mabonde: usikatize jina juu yake. Stika za herufi za bei ya kawaida zinatengenezwa kwa kusukumwa kwenye rola mpaka ziwe nyembamba, na zinabaki na tabia ya kutaka kurudi zilivyokuwa. Ukiisukuma bondeni itakaa leo na kesho, jua likiipata inajinyanyua inakuwa hema, chini yake hewa na maji. Ile inayokubali kona na mabonde ni aina nyingine, humiminwa ikiwa uji ikakauka, ni nyembamba zaidi, unene kama mikroni 50 tu, na bei yake ni nyingine kabisa. Kwa hiyo pima nafasi iliyo bapa kati ya mabonde mawili. Kama ni sentimita 25 au zaidi, jina lako linaingia. Kama haifiki, rudi kwa aliyekukatia akupunguzie kimo. Jina dogo lililolala vizuri linasomeka mbali kuliko kubwa lililovimba.

Ripiti ni kazi ya mkono, haina njia ya mkato. Wakati wa kutoa maji, skwiji ipite pande zote za ripiti bila kupanda juu yake. Stika itabaki imetanda kama pete kuzunguka kichwa chake, na ndani ya hiyo pete kuna maji. Tepu ikishatoka, chukua pini ya kushonea, toboa matundu matatu manne kuizunguka, karibu na bati. Pini, kaka, usitumie wembe. Tundu la pini linajifunga lenyewe ukilikandamiza, mkato wa wembe unafunguka zaidi kila siku. Sukuma maji kwa kidole yatokee matunduni, futa. Acha pakauke mpaka siku ya pili. Siku ya pili ndipo ulete draya ya nywele, pasha kidogo mpaka stika ilainike, kisha bonyeza kwa brashi fupi ngumu kwa kuzungusha, kutoka nje kwenda kwenye kichwa cha ripiti. Ukipasha moto maji yakiwa bado ndani, yanageuka mvuke, pete inakuwa puto. Nakazia hili kwa sababu vijana wanakimbilia hitigani, ile mashine ya kupuliza hewa ya moto, wakiona lengelenge lolote.

Kuhusu malengelenge ya kawaida: yale madogo kama kichwa cha kiberiti yaache. Stika hii inapitisha unyevu pole pole, kwa joto la hapa mengi yanapotea yenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Kubwa kuliko hapo, pini.

Kuingia barabarani: likae siku nzima bila safari, saa 24. Fanya Jumamosi, Jumapili lipumzike. Usiloshe kabla ya siku tatu, na ikiwezekana wiki, kwa sababu umetumia maji na gundi inahitaji muda zaidi kuliko ya kavu. Na ukilipeleka kuoshwa kwa mashine, simama pale mwenyewe. Mwambie kijana mdomo wa bomba ukae mbali angalau sentimita 30, apige kwa kunyooka, asiingize maji kutoka pembeni ya herufi. Stika nyingi nzuri zimeuawa na mashine ya presha.

—

wrap_goba

Dada wa Ilala nimekuelewa, hilo la kuangalia gundi kwenye mwanga nalichukua. Niongeze kwa wanaosoma: zile stika za vitundu za kioo cha nyuma, za matangazo, ambazo ndani unaona nje, hizo ni kavu pia. Maji yanaingia kwenye vitundu, kioo kinakuwa na ukungu na gundi inashika nusu nusu. Nimeletewa daladala yenye kazi hiyo, ilibidi ibanduliwe yote.

Na za kuprinti, hakikisha wino umekaa angalau siku nzima kabla haijapigwa laminesheni, ile plastiki angavu ya kuifunika juu. Wino ukifungiwa mbichi, unailainisha stika kutoka juu, kingo zinajikunja hata ungebandika vipi. Ukiagiza asubuhi ukaambiwa njoo mchana ichukue ikiwa na laminesheni tayari, uliza maswali.

—

bajaji_mbagala

Shikamoo dada. Mimi nina Bajaji, nataka kubandika jina la mwanangu kwenye turubai la nyuma na kwenye bampa nyeusi ya plastiki. Maji yanafaa?

—

stika_ilala

Marahaba mdogo wangu. Kote kuwili hapana, si kwa maji wala kavu.

Turubai linakunjwa na kupigwa na upepo kutwa, na lenyewe limetengenezwa na mafuta ya kulainisha yanayopanda juu taratibu na kuila gundi. Stika itakaa muda mfupi kisha itaanza kuteleza. Jina kwenye turubai linaandikwa kwa rangi, mtafute anayeandika kwa brashi, Mbagala Rangi Tatu huwakosi. Plastiki nyeusi isiyopakwa rangi, ile yenye vijipele, gundi ya kawaida haiipendi, na vile vijipele vinaifanya iguse sehemu chache tu.

Weka jina la mwanao kwenye bati la mbele, chini ya kioo, pale pamepakwa rangi na pamelala. Pamepinda kidogo tu, kwa hiyo chagua herufi zisizozidi sentimita 6 na mwambie anayekata azungushe kona za herufi, zisiwe na ncha kali, zitachelewa kuinuka. Hapo maji yanafaa, kwa hatua zilezile nilizomwandikia kaka wa mayai. Ila angalia usifunike kiakisi mwanga wala taa.

Kaka wa mayai, ukishapima nafasi kati ya mabonde, niandikie hapa umepata sentimita ngapi kabla hujabandua karatasi.